Fataki Nyeupe

Tangu tumzike Seif mimi sikai. Nikikaa nainuka, nikiinuka nasahau nlichoinukia. Mwanangu Salim, ambaye nnaishi kwake hapa Al Khoudh, ananambia, "Mama, tulia basi, utaanguka," nami namjibu nyumba ina vyumba tisa, niachie nivitembelee. Seif alikuwa shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu Hamed. Matanga tumekaa Azaiba siku tatu kwa binti yake, wanawake juu, wanaume chini, kahawa na tende zikipanda na kushuka ngazi. Si kifo kilonitoa utulivu. Seif kafa mtu mzima, kafa kitandani kwake, na watoto wamemzunguka. Ni neno la Salim. Yeye alikuwa mmoja wa walomwosha, na siku ya pili alipopanda juu kunitazama akasema hivi hivi tu, kama mtu anosema habari za mvua: "Mama, Ammi Seif alikuwa na mikono mizuri mno. Hata kovu hana." Walokuwapo wakaitikia, wakaendelea na kahawa yao. Mimi nikairudisha tende sahanini. Miaka yote hii watu wameiona mikono ile ikishika usukani, ikikata nyama ya sikukuu, ikibeba wajukuu, na hapana mmoja alokuwa akiihisabu. Mimi kila Idi alipokuja kunipa mkono nlikuwa naihisabu. Vidole kumi, macho mawili. Halafu ndio namuuliza hali.

Hisabu hiyo ilianza mwaka wangu wa kwanza Maskati. Nlifika nna miaka kumi na tisa, bi harusi wa miezi mitatu, nna sanduku moja na kanga zangu ndani. Ruwi ya leo ni mabenki na stesheni ya mabasi, na maduka ya watu wa kila nchi. Ruwi yangu mimi ilikuwa bonde la mawe, nyumba chache zimekaa mbali mbali kama watu walogombana, na milima myeusi imesimama karibu hata ukaona itakuingilia chumbani. Nyumba yetu ilikuwa vyumba vinne na ua katikati, kisima pembeni, na mbuzi watatu ambao Mama Shamsa, mama mkwe wangu, aliwapa majina na akawasemesha kuliko alivyonisemesha mimi: Ghazala, Wardi na Misk. Mama Shamsa hakupata kutoka Omani, hakujua neno la Kiswahili, na mimi Kiarabu changu kilikuwa cha msahafu. Basi tulisemezana kwa mikono. Chukua. Lete. Siyo hivyo, hivi. Hamed alikuwa akifanya kazi na watu wa mafuta, huko jangwani, anarudi Alkhamisi moja baada ya wiki sita, analala siku mbili anaondoka. Nami sikuruhusika kutoka peke yangu. Nlikuwa nauzunguka ua kutwa, hata Seif, kijana wa miaka yangu, akanipa jina. Akipita na bunduki yake begani husema, "Haya, punda wa kinu, umefika wapi leo?" Neno hilo la Kiswahili alifundishwa na baba yake, khasa ili anitanie.

Baba yake ndiye alonisalimisha roho. Mzee Khalfan alikaa Wete ujana wake wote, akarudi Omani na Kiswahili cha Pemba cha kizamani, maneno ambayo hata bibi yangu alikuwa kesha yaacha. Mimi nlimwita Baba. Mwanzo nlidhani hanipendi, maana tukikutana uani hupita bila ya kunitazama. Siku moja nimekaa kizingitini nachagua mchele, sinia mapajani, na yeye kakaa jirani anakunywa kahawa. Nlikuwa nachagua bila ya kutazama, kwa ncha za vidole, natazama mlima. Akasikiliza vile vijiwe ninavyovitupa. Halafu akasema, "Mwanangu, unatazama unachokifanya?" Nikasema, "La, Baba, vidole vinajua." Akasema, "Njoo." Akainuka, mkono ukutani, akahisabu hatua zake mpaka mlango wa ghala. Hapo ndipo nlipofahamu. Macho yake yalikuwa yamezibwa na mtoto wa jicho, yote mawili, na alikuwa akiishi nyumbani mwake kwa kuhisabu hatua, na hapana mtu wa nje alojua, hata wanawe.

Ghala lile ndimo alimojazia risasi. Zama zile wanaume wa Ruwi na vitongoji vyake hawakuwa wakinunua risasi mpya kila mara, zilikuwa adimu. Waliokota maganda ya risasi zilokwisha pigwa wakamletea Mzee Khalfan, naye akayasafisha, akatoa fataki ilokwisha kulia, akatia nyingine, akapima baruti, akakaza risasi juu yake. Harusi, Idi, mashindano ya kulenga shabaha, zote zilikuwa risasi za Mzee Khalfan. Watu walisema zake haziendi kombo. Na huyu mtu sasa haoni. Alinambia bila ya kuzunguka, "Nna mikono bado, sina macho. Wewe utakuwa macho yangu, na hapatakuwa na mtu wa kujua. Unaweza kunyamaza?" Mimi nlokuwa sina wa kusema naye nikaona swali la kuchekesha. Nikasema naweza.

Basi kila asubuhi baada ya kunywa chai nlivua bangili zangu mlangoni, maana chuma na dhahabu havikuingia mle, nikamwagia maji gunia la kizingitini ili pasiruke cheche, nikaingia. Taa haikuwashwa humo hata siku moja. Tulifanya kazi jua likiwa limeingia dirishani, likiondoka tunafunga. Alinifundisha kwa maneno, mikono yake juu ya mikono yangu. Ganda lioshwe likauke. Tundu la fataki lipanguswe. Fataki, kile kifuniko kidogo cha shaba kinachokaa kwenye kitako cha ganda na kupigwa na msumari wa bunduki, isukumwe polepole kwa kijiti cha mti mpaka ikae sawa na kitako, isizame wala isitokeze. Baruti ichotwe kwa kipimo, ipanguswe juu kwa ukingo wa kadi, hata punje isizidi. Vipimo vyake vilikuwa vikombe vidogo alivyovikata kwenye maganda na kuvisugua kwa tupa, kila kimoja na uzi wake. Akiuliza, "Uzi gani?" nami nasema, "Mwekundu, Baba," anasema, "Endelea." Sikukosa. Mimi sikusoma sana, nlitolewa skuli darasa la nne, lakini jambo nikishaambiwa haliniondoki.

Mwezi wa pili wa kazi hiyo fataki za zamani zikawa zinakwisha. Zile zilikaa ndani ya kopo la bati lenye picha ya jogoo. Seif akaleta kopo jipya kutoka Matrah, hili lina picha ya nyota, na maandishi ambayo mimi na Baba sote hatukuweza kuyasoma, yeye kwa macho, mimi kwa lugha. Baba akatia moja kinywani, akaiviringisha kwa ulimi kama mtu anayeonja karafuu, akaitema. Akasema, "Hizi kali." Nikamuuliza kali vipi. Akasema, "Fataki ndiyo inayoiamsha baruti. Kuna inayoamsha kwa kugonga mlango, na kuna inayoamsha kwa kuuvunja. Ukibadili fataki, mwanangu, usiseme baruti ni ile ile na ganda ni lile lile. Umebadili kila kitu. Rudi chini, halafu upande kidogo kidogo, na kila hatua utazame." Nikamwambia, "Baba, basi ni kama hamira." Nikamweleza. Mama yangu alipoiacha hamira ya tembo akaanza kutumia hamira ya dukani, siku ya kwanza alitia kiasi kile kile, mkate ukafura ukainua kifuniko ukamwagika jikoni. Mzee yule alicheka mpaka akajifuta machozi. "Ndiyo hiyo," akasema. "Lakini hapa kifuniko ni uso wa mtu."

Tukafanya kama alivyosema. Akasugua kipimo kipya, kidogo kuliko cha mwanzo, nikakifunga uzi wa buluu. Tukajaza tatu za chini kabisa, Seif akaenda kuzipiga kwenye jabali nyuma ya nyumba, akarudisha maganda. Baba alijifanya anayatazama, akanipa chini ya meza. Nami niliyasoma kwa ukucha: fataki ilolia vizuri ukingo wake hubaki wa mviringo, ukizidisha baruti hupondeka, ikalala bapa kama kitumbua kilokaliwa. "Mviringo," nasema kwa Kiswahili. Baba anamwambia Seif kwa Kiarabu, "Nzuri, lakini bado dhaifu." Tunapanda punje chache, tunapiga tena. Wiki nzima. Seif akashangaa, "Mzee, macho yako yanaona kuliko yangu." Mimi nimeinamisha uso, nakunja gunia. Sijapata kuwa na furaha kama ile, na ndani yake sikutulia hata siku moja, maana Mama Shamsa alikuwa akinitazama ninavyovua bangili. Alitusikia mle ndani tunacheka kwa lugha asiyoijua, na mume wake yeye hakuwa akicheka naye. Wanawake wakija kunywa kahawa asubuhi, Thuraya mke wa jirani na dada yake, nlisikia wanapunguza sauti, halafu neno Zinjibar, jina la kwetu, linapita, halafu Mama Shamsa anajibu neno moja fupi, halafu vikombe.

Basi ikaja harusi ya mpwa wake Mama Shamsa, hapa Al Khoudh. Wakati huo ni mji wa mitende na ngome yake na bonde la maji. Hii nyumba ya Salim, na chuo kikuu, na mabasi ya wanafunzi, yote yalikuwa mawe. Alasiri ya harusi wanaume walenge shabaha, na Seif ndiye wa kututoa aibu upande wetu. Akataka risasi arubaini. Baba akasema arubaini hizo tuzijaze kwa fataki za jogoo, zilobaki zatosha, na tunazijua vizuri, uzi mwekundu. Zile za nyota tungali tunazijaribu. Siku ya kwanza nikajaza kumi na tatu, ya pili kumi na mbili. Siku ya tatu zikabaki kumi na tano, na siku hiyo ni Alkhamisi, Hamed anarudi. Nlikuwa nimekwisha loweka majani ya mkunazi ya kuoshea nywele. Moyo wangu haumo ghalani. Nikafungua kopo la jogoo, nikatoa fataki, nikaisukuma kwenye ganda, na vidole vikasita. Ilikaza zaidi kidogo kuliko za jana. Nikaigeuza kwenye jua. Nyeupe, kama za kopo la nyota. Za jogoo zilikuwa nyekundu kama senti kongwe. Nikaangalia kopo: jogoo. Baba akasikia mkono umesimama. Akauliza, "Unasita nini?"

Hapo ndipo. Kama mtu ataniuliza katika maisha yangu ni wapi, ni hapo. Nikasema, "Hapana kitu, Baba." Nlijiambia labda za chini ya kopo zilikuwa zimefunikwa na nyenzao, hazikubadilika rangi. Nlijiambia kopo ni la jogoo, na jogoo ni jogoo. Nikazimaliza zote kumi na tano kwa uzi mwekundu, nikafunga mfuko, nikavaa bangili zangu, nikaenda kuosha nywele.

Ijumaa asubuhi mapema Hamed na Seif wakaondoka na wanaume wengine na mfuko wa risasi. Baba akabaki, akasingizia miguu. Sisi wanawake gari ya jirani Mbarak ije kutuchukua baada ya alasiri. Mnamo saa nne nikaingia jikoni kumsaidia Mama Shamsa, na akanionyesha kwa kidevu: ndimu kavu, pale. Ndimu kavu zilikuwa ndani ya kopo la nyota.

Nlisimama na kopo mkononi. Nikamwonyesha ile picha, nikafanya ishara ya vidogo vilivyokuwamo, viko wapi. Akanijibu kama anavyomjibu mtoto: alikuta makopo mawili, moja limebaki nusu tupu, na yeye hana pa kutia ndimu, basi akazimimina hizi juu ya zile. Akakunja mkono kuonyesha anavyomimina. Ana haki. Nyumba ile bati halikutupwa, kopo la maziwa lilikuwa kikombe, la samli lilikuwa ndoo ya kisima. Na hapana mtu alomwambia kama zile si kitu kimoja, maana mambo ya ghalani tuliyasema kwa Kiswahili.

Nikakimbia kwa Baba. Nikamwambia makopo yamechanganywa, risasi kumi na tano zina fataki za nyota na baruti ya jogoo. Sikumwambia kwamba niliona. Akapapasa ukingo wa mkeka. Halafu akasema, "Bunduki ile ni chuma cha Kiingereza. Itastahamili."

"Baba, wewe ulisema kifuniko ni uso wa mtu."

"Nlisema. Na ukipeleka habari, utasema nini? Utasema Mzee Khalfan haoni fataki? Utasema risasi za Ruwi nzima zinajazwa na mke wa Hamed? Kaa kitako, mwanangu. Itastahamili."

Nikakaa. Nikainuka. Nikatoka uani nikakizunguka kisima, nikarudi jikoni, nikatoka tena. Mama Shamsa akanishika mkono akauliza kwa macho. Nikaingia ghalani na bangili zangu mkononi, siku hiyo sikuzivua, nikatoa fataki nyekundu moja na nyeupe moja, nikazitia kwenye kiganja chake. Nikagusa nyekundu, nikaonyesha kidogo, hivi. Nikagusa nyeupe, nikafungua mikono yote miwili mbele ya uso wangu. Nikasema, "Seif." Hilo moja tu. Alitazama kiganja chake, akatazama kopo la ndimu, akavuta shela yake. Alitoka nje akamwita Mbarak kwa sauti ambayo sikujua kama anayo.

Njia kutoka Ruwi siku hizo ilikuwa ndefu. Tulikaa nyuma ya pikapu, yeye kaniegemea mimi na mimi nimeegemea gunia la mchele wa harusi, vumbi mpaka kwenye kope. Tukapita Azaiba, ilikuwa mchanga na vibanda vya makuti, Mbarak akataka kusimama anywe maji, Mama Shamsa akaupiga ubavu wa gari kwa kiganja mpaka akaendelea. Hatukusemezana. Mara moja tu alinifuta vumbi usoni kwa ncha ya shela, kwa nguvu, kama anafuta sufuria.

Tulipofika bunduki zilikuwa zinalia. Wanaume wamepanga mstari kwenye kokoto za bonde, Seif katikati amepiga goti, Hamed nyuma yake. Mwanamke hafiki pale. Mama Shamsa akafika. Maneno yao mengine nlikuja kuelezwa na Hamed baadaye, lakini mengi yalieleweka bila ya tarjumani.

Seif akacheka, "Mama! Umekuja kulenga?"

"Weka chini."

"Imebaki moja ndani. Leo risasi za mzee zina moto, hazijapata kupiga hivi. Nimalize."

"Weka chini, nimekwambia."

Mmoja wa vijana wa upande wa bi harusi akasema kwa sauti, "Seif, mwendee mama, wakati wa kunyonya umefika!" Mstari mzima ukaangua kicheko. Seif akageuka mwekundu, akainua bunduki begani. Mama Shamsa hakupiga kelele. Alikwenda akaweka kiganja chake juu ya mkono wa mwanawe, palepale penye kitasa cha kufungulia, na akasema mbele ya wote, ndugu zake na wakwe zake: "Baba yako haoni tangu mwaka jana. Alojaza hizi ni huyu." Akaninyooshea kidole. Nikasikia mbuzi wa harusi wanalia upande wa pili wa ngome.

Seif alinitazama mimi. Halafu akaifungua bunduki, akaitoa ile risasi, akanitilia mkononi. Kitako chake cheupe. Akanipa na maganda alokwisha piga, kumi na moja. Manane yalikuwa ya fataki nyekundu, mazuri, mviringo. Matatu meupe. Mawili yamelala bapa, na la tatu fataki imepasuka ukingoni, moshi umetoka pembeni ukaacha weusi kitakoni. Nikamgusisha Seif kidole pale. Akaligusa shavu lake la kulia, na mimi nikaliona, alama ndogo nyeusi chini ya jicho, kama wanja ulomwagika. Yeye alidhani ni vumbi.

Ile ya kumi na mbili ingemfanya nini? Sijui. Hapana ajuaye. Harusi iliendelea, tukala wali na nyama ya mbuzi, na mwisho watu wakacheka kwamba wanawake wa Ruwi wamekuja kuharibu shabaha.

Lakini Mzee Khalfan hakuletewa ganda tena. Watu walimsalimia kwa upole zaidi kuliko zamani, wakamshika mkono kumwongoza hata pale alipojua njia, na upole ule ulikuwa ukimla. Akatafuta pa kuitupa aibu yake, akapapata. "Mke wangu na makopo yake," akawa anasema, kwa kila aliyekuja. Mama Shamsa akamimina kahawa. Kopo alilichukua kweli. Ghala likafungwa, na mimi nikarudi kuuzunguka ua. Nlikuwa nikimwona ameinama anawakamulia mbuzi wake, najiambia leo nitasema, halafu jua linapanda, sijasema. Kusema ningesema kwa nani? Kwa Baba, aliyeniita macho yake? Hamed akaja akaenda, sikumwambia. Wiki sita. Chakula kilikuwa kinanipita kama karatasi.

Siku moja kaka yake Mama Shamsa akaja kula chakula cha mchana, na Baba, mbele yake, wali ungali unafuka, akasema mwanamke asiyeweza kuliacha kopo atakuja kumuua mwanawe siku moja. Kaka akaweka tonge chini. Mama Shamsa akainuka. Asubuhi yake ametandika shuka chumbani, anakunja nguo zake juu yake, moja moja, kwa utaratibu. Anarudi kwa ndugu zake. Na Omani ile, mke wa umri ule akishatoka hivyo, hakuna anayekwenda kumrudisha.

Nikaenda kwa Baba alipokuwa amekaa, kwenye kitanda cha ukumbini. Nikasema kwa Kiswahili, "Baba, mimi nliona. Siku ile ya tatu, uliponiuliza unasita nini. Nliziona nyeupe."

Akasema, "Sikusikia."

"Nimesema nliziona."

"Sikusikia, mwanangu. Nenda kapike."

Alisikia. Mtu anayejua vijiwe vya mchele kwa sauti zao asinisikie mimi? Lakini kosa likiwa langu linarudi kwake, maana ni yeye alonitia mle ndani akaficha. Likiwa la kopo linabaki jikoni. Nikafahamu kwamba Kiswahili hakitafaa kitu hapa. Mama Shamsa alikuwa ametokea mlangoni na bunda lake kichwani, Mbarak anangoja nje. Nikasimama baina yake na njia, nikakusanya yale maneno nlokuwa nikiyaokota uani mwaka mzima, na nikasema, kwa Kiarabu kilichokuwa kibovu kama kiti cha miguu mitatu, "Ana shuft. Ana ma takallamt." Mimi niliona. Mimi sikusema. Nikafanya ishara ya fataki nyeupe kwenye jua, nikajipiga kifua, nikaonyesha nywele zangu, naosha, Hamed anakuja. Ananitazama tu. Nikasema tena, "Ana shuft."

Akashusha bunda. Akasema, "Sema kwa sauti, asikie." Nikasema kwa sauti. Akamgeukia mume wake. "Mzee. Umesikia?"

Baba akakaa na macho yake meupe yakitazama pasipo mtu. Akasema kwa Kiarabu, "Nimesikia." Halafu akanigeukia mimi, akasema kwa Kiswahili, polepole, Kiswahili chake cha Wete, na yale ndiyo maneno ya mwisho ya Kiswahili alonambia hata kufa kwake: "Ungeninyamazia, mwanangu."

Nikasema, "Nimekunyamazia wiki sita, Baba. Sina tena."

Mama Shamsa akatutazama mmoja mmoja. "Anasema nini?" akaniuliza.

Nilikuwa nimesema kweli moja kwa Kiarabu maisha yangu yote. Nikamtazama yule mzee, mikono yake imelala mapajani haina kazi. Nikasema, "Anasema ana njaa."

Mama Shamsa alikuwa amekaa na mtu yule miaka thelathini. Hakuhitaji tarjumani wa uso wake. "Waongo," akasema, "nyote wawili," akalisukuma bunda kwa mguu mpaka chini ya kitanda, akatoka nje kumwambia Mbarak aende zake, na akaingia jikoni kutia maji ya wali.